Injini Imevuka Bahari, Ramani Imebaki Japani

Gari la haibridi lililotumika Japani linaposhushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, linashuka na akili mbili. Ya kwanza imejificha kati ya injini, mota na betri: inasikiliza mguu wa dereva na uzito wa mwendo, kisha inaamua petroli iungue lini na umeme usukume lini. Ya pili iko mbele ya macho, katikati ya dashibodi: skrini ya navigesheni yenye barabara za Japani, majina ya mitaa kwa maandishi ya Kijapani, na sauti ya kike inayotoa tangazo kila gari linapowashwa. Akili ya kwanza inaanza kazi siku hiyohiyo. Ya pili haina habari ya mtaa hata mmoja wa Kariakoo.

Mnunuzi azipime vipi akili hizi? Tangazo la muuzaji huzipanga mstari mmoja, haibridi, navigesheni, kamera ya nyuma, kana kwamba zote zina thamani ileile hapa kama kule zilikotoka. Mjadala huu unazitenganisha. Wanaozungumza ni watu wanne wa kubuni, ila magari wanayoyabishania yapo barabarani. Yupo mwalimu wa sekondari anayetaka kuagiza haibridi yake ya kwanza. Yupo fundi wa umeme wa magari, dereva wa teksi mtandao mwenye Toyota IST, na mpima ardhi aliyemaliza chuo si zamani. Mwalimu amekuja na majina matatu: Toyota Aqua, Honda Fit Haibridi na Nissan Note e-Power.

Kilomita za kwenye karatasi

Dereva ndiye wa kwanza kusema, na anaanza kwa kukataa.

"Shikamoo, mwalimu. Ningekuwa wewe ningechukua IST nikalala usingizi. Spea kila kona, fundi kila mtaa. Hizi za betri mbili, siku ikigoma usiku pale Kimara utamwita nani?"

"Marahaba, mwanangu. Nitamwita huyu hapa," mwalimu anajibu, akimwelekea fundi.

Fundi anataka kwanza kuweka jambo moja sawa. "Kijana, injini ya Aqua unaijua, hujajua tu kwamba unaijua. Ni 1NZ-FXE, lita moja na nusu. Ndugu yake ni 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST za lita moja na nusu. Kinachozitofautisha ni mpango wa valvu. Ya Aqua inafuata mzunguko wa Atkinson, valvu za kuingiza hewa zinachelewa kufunga. Nguvu inapungua kidogo, lakini petroli ileile inatoa kazi kubwa zaidi, na pengo la nguvu linazibwa na mota."

Injini hiyo si ngeni. Ilianza safari ndani ya Prius ya kwanza, iliyoingia sokoni Japani Desemba 1997. Desemba 2011 Toyota iliiweka katika gari dogo na la bei nafuu zaidi, Aqua, na Wajapani wakalipokea kwa mikono miwili. Ukiyaacha magari madogo ya daraja la kei, Aqua iliongoza mauzo ya Japani mwaka 2013, 2014 na 2015. Mwaka 2018 nafasi hiyo ilishikwa na Nissan Note. Magari yaliyouzwa kwa wingi hivyo ndiyo yanayojaa leo kwenye minada ya mitumba, na ndiyo maana majina haya yanafika Afrika Mashariki mara kwa mara.

"Basi tuongee mafuta," dereva anasema. "Matangazo yanasema kilomita thelathini na tano kwa lita. Mimi sijawahi kuona gari la hivyo."

Takwimu zipo. Kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08, Aqua ya mwanzo ilipewa kilomita 35.4 kwa lita. Fit Haibridi ya 2013 ilifika 36.4. Note e-Power ya 2016 ilifika 37.2. Kwa karatasi, basi, Note ni ya kwanza na Aqua ni ya mwisho.

"Karatasi hiyo ilipatikana maabara," fundi anamjibu. "Gari linafungwa juu ya roli, AC imezimwa, hakuna kilima wala bodaboda inayokukatia mbele. Nani anaendesha Dar mwezi wa pili bila AC? Na ile 37.2 ya Note ni ya toleo jepesi kabisa. Matoleo ya kawaida yalipata 34. Usichague gari kwa tofauti ya kilomita moja ya maabara. Chagua kwa namna linavyotengeneza mwendo."

Njia tatu za kuchanganya

Hapo ndipo magari haya yanapoachana kweli.

Katika Aqua, injini na mota mbili zimeunganishwa kwa gia za sayari, yaani gia ndogo zinazozunguka gia ya kati. Hakuna klachi ya kuchoka wala mkanda wa giaboksi. Gari linaweza kuondoka kwa umeme peke yake, kwa injini na umeme pamoja, au injini ikasukuma huku inachaji. Dereva hachagui, kompyuta inachagua.

Fit ya 2013 ilifuata njia nyingine: giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili, mota ikiwa ndani yake. Kwa mwendo inachangamka kuliko Aqua. Lakini programu ya kuiendesha ilisumbua, na Honda ikalazimika kuyaita magari hayo yarudi kufanyiwa marekebisho mara kadhaa katika muda wa mwaka mmoja hivi. Oktoba 2014 wakuu wa kampuni hiyo walijikata mishahara kwa sababu ya aibu hiyo.

"Siyo kusema Fit ni mbovu," fundi anaongeza. "Iliyopata marekebisho yote ni gari zuri. Chukua namba ya chesisi, itafute kwenye tovuti ya Honda ya Japani, uone kama kuna wito ambao mwenye gari hakuuitikia. Ukikuta upo, achana nalo, maana hapa hakuna atakayekuwekea programu ile bure."

Note e-Power ni ya tatu, na ndiyo ngeni kuliko zote. Injini yake ya silinda tatu haigusi magurudumu hata kidogo. Kazi yake ni kuzungusha jenereta. Mota ya umeme ndiyo inayosukuma gari muda wote. Dereva akiinua mguu kwenye mafuta, gari linapunguza mwendo lenyewe hadi kusimama, na wengi hukaa safari nzima ya mjini bila kugusa breki mara nyingi.

"Hiyo ndiyo ya foleni," dereva anakiri kwa mara ya kwanza.

"Ya foleni ndiyo," fundi anasema. "Lakini ukilivutia Morogoro kwa mwendo wa kasi moja, petroli inageuzwa umeme, umeme unageuzwa mwendo, na kila mgeuzo unakula kidogo. Aqua kwenye barabara kuu inaweza kupeleka nguvu ya injini moja kwa moja kwenye magurudumu."

Mwalimu anaishi Mbezi na anafundisha Upanga. Asubuhi yake ni kusimama, kusogea, kusimama. Mazingira hayo ndiyo yanayoikomoa injini ya kawaida, inayoendelea kuunguza mafuta gari likiwa palepale, na kupoteza nguvu yote ya mwendo kwa joto la breki. Haibridi huzima injini, husogea kwa umeme, na breki ikikanyagwa mota hugeuka jenereta. Kiyoyozi cha Aqua nacho kinaendeshwa kwa umeme, hivyo kinapoza hata injini ikiwa imezimwa, mpaka betri ishuke na injini iamke yenyewe.

"Na betri ikifa?" dereva anarudi palepale alipoanzia.

"Betri kubwa ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Volti 144, moduli ishirini za nikeli. Ikijaa yote haifiki hata uniti moja ya TANESCO, kwa hiyo haihifadhi safari; inapokea na kutoa, inapokea na kutoa. Adui yake ni joto. Inapozwa kwa feni inayovuta hewa ya humu ndani kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Ukipakia mizigo ya Kariakoo ukaziba tundu hilo, au vumbi likaifunga feni, umeanza kuichoma mwenyewe. Safisha feni. Ile moduli moja inayobadilishwa peke yake mtaani ni kiraka, maana mpya na zilizochoka hazibebi mzigo sawa. Na nyaya za rangi ya chungwa, fundi wa redio asiziguse."

Mwanamke wa Kijapani ndani ya dashibodi

Fundi wa redio anatajwa, na mazungumzo yanahamia kwenye skrini.

"Huyu mama anayesalimia kila asubuhi anasema nini?" mwalimu anauliza. Amemsikia kwenye gari la jirani.

Mara nyingi hasalimii. Katika magari mengi sauti hiyo inatoka kwenye kifaa cha kulipia barabara za malipo za Japani, kiitwacho ETC, mfumo ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka 2001. Inamwarifu dereva kwamba kadi ya malipo haijawekwa. Gari linaweza kulifikia Daraja la Nyerere kule Kigamboni likiwa bado linadai kadi ya barabara za Tokyo.

Redio nayo ina kwao. Masafa ya FM ya Japani yalianzia megahezi 76 na kuishia 90, baadaye yakasogezwa hadi 95, wakati stesheni za hapa zimetawanyika hadi 108. Mwenye gari huishia kununua kifaa kidogo cha kubadili masafa, au kuing'oa redio yote.

"Mimi ningeing'oa siku ya kwanza," dereva anasema. "Naweka redio ya Android, naunganisha simu, nimemaliza. Wateja wangu nawafuata kwa ramani ya simu. Mwaka 2018 Google iliongeza Kiswahili kwenye ramani zake. Hiyo ya Kijapani ya nini?"

Mpima ardhi, aliyekuwa kimya, sasa anaingia.

"Kaka, naomba tusiidharau. Wajapani walianza mambo haya mapema sana. Mwaka 1981 Honda iliuza kifaa cha kuonyesha njia kwenye Accord, na hakikutumia setilaiti hata moja. Kilikuwa na jairo ya kuhisi gari linakogeukia na kihesabu cha mwendo, na alama ikasogea juu ya ramani iliyochorwa kwenye karatasi angavu. Mwaka 1990 Mazda ikaweka GPS ndani ya gari la Eunos Cosmo. Wakati huo jeshi la Marekani lilikuwa bado linavuruga makusudi mawimbi ya raia. Usahihi ulikuwa kama mita mia moja, na uvurugaji huo ulikomeshwa Mei 2000. Jairo na kihesabu cha mwendo ndivyo vilivyosahihisha. Mpaka leo navigesheni iliyojengwa ndani ya gari inajua magurudumu yamezunguka kiasi gani. Ikiingia kwenye handaki au maegesho ya chini ya ghorofa, inaendelea kujua iko wapi. Simu yako inapotea."

"Dar ina mahandaki mangapi, dada?"

"Machache. Hapo umenishika."

Lakini hoja yake haijaisha. Anaeleza kwamba skrini ile haikukusudiwa kufanya kazi peke yake. Tangu 1996 Japani ina mfumo unaoitwa VICS, unaotuma habari za foleni, ajali na barabara zilizofungwa kupitia mawimbi ya FM na vifaa vilivyowekwa kando ya barabara. Navigesheni ya gari ilikuwa ncha moja ya mtandao huo. Kilichofika Dar ni ncha, mtandao umebaki.

"Hata ingekuja na ramani ya Dar es Salaam, ingekudanganya," anaendelea. "Chukulia ramani ya mwaka 2015 iliyohifadhiwa kwenye kadi. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016. Barabara ya juu ya Mfugale pale Tazara, 2018. Ubungo ilizinduliwa 2021, Daraja la Tanzanite 2022. Ramani isiyopata habari mpya katika mji unaokua hivi inazeeka kabla ya matairi."

Dereva anafurahi kupata mshirika, lakini furaha hiyo haidumu, kwa sababu mpima anaigeukia simu. Simu inataka bando. Juani, ikining'inia kwenye kioo cha mbele, inapata joto, inapunguza mwanga, na wakati mwingine inajizima. Inapendekeza kichochoro ambacho pikipiki inapita na gari linakwama. Ipo njia ya katikati: ramani huria za OpenStreetMap, zinazopakuliwa na kutumika bila intaneti, na ambazo kwa Dar es Salaam zilichorwa kwa mikono ya watu wa hapahapa. Tandale ilichorwa mwaka 2011. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi walipita kata kwa kata, hasa zile zinazofurika, wakichora nyumba, mifereji na njia. Mwaka 2022 operesheni ya anwani za makazi ikabandika namba za nyumba na majina ya mitaa nchi nzima.

"Kwa hiyo ramani ipo," mwalimu anasema.

"Ipo. Haiwezi kuingia kwenye skrini yako ya Kijapani, ndiyo tatizo."

Kitonga, mahali akili mbili zinapokutana

Mpaka hapa mtu angeweza kuhitimisha kwamba injini na ramani ni mambo mawili yasiyohusiana: lipia moja, tupa nyingine. Fundi anaafiki. Mpima anapinga, na hoja yake ndiyo nzito kuliko zote za siku hiyo.

"Mwalimu, kwenu ni Iringa. Unarudi Dar, unashuka Kitonga. Betri ya Aqua inafanya nini?"

Fundi anamjibu kwa niaba yake. Kwenye mteremko mrefu mota inachaji betri mfululizo, na betri ndogo namna ile inajaa kabla gari halijafika chini. Kuanzia hapo nguvu inayobaki haina pa kwenda. Dereva anaweka gia kwenye B, injini inazungushwa bila mafuta ili isaidie kuzuia mwendo, na umeme ambao ungeokotwa unapotea hewani.

"Sasa gari lingejua dakika kumi kabla kwamba Kitonga inakuja?" mpima anauliza. "Lingetumia umeme mwingi zaidi huku juu, likaufikia mteremko betri ikiwa na nafasi. Hiyo siyo ndoto. Kia Niro, haibridi iliyotoka mwaka 2016, ilikuja na mfumo unaosoma vilima na miteremko kutoka kwenye navigesheni na kupanga lini ichaji na lini itumie. Toyota ina mfumo wa namna hiyo kwenye baadhi ya haibridi zake. BMW, tangu 2020, ina haibridi za kuchaji kwa waya ambazo zikiingia eneo la hewa safi katika miji kadhaa ya Ulaya zinahamia kwenye umeme zenyewe, kwa sababu ramani imeziambia zimevuka mpaka. Katika magari hayo navigesheni siyo pambo la kumwonyesha dereva njia. Ni sehemu ya injini."

Fundi ananyamaza kidogo. "Kwa hiyo yakija hapa kama mitumba..."

"Yatakuja yakiwa na upofu nusu. Yataendesha vizuri, lakini zile akiba za mafuta zilizotegemea ramani zitakuwa zimebaki kwao. Na muuzaji atakutajia takwimu zilezile za kwao."

Dereva haoni sababu ya kuhofu. Anasema asilimia ndogo ya mafuta kwenye mlima mmoja haimnyimi mtu usingizi. Foleni ya kila siku ndiyo inayomaliza mshahara, na foleni haitaki ramani ili breki irudishe umeme. Kwa Aqua ya mwaka 2014 au Note ya 2017, ana haki kabisa. Magari hayo yanasoma barabara kwa magurudumu yake, na barabara ya Mbezi inasomeka sawasawa na ya Nagoya. Kwa magari yatakayoingia minadani miaka michache ijayo, hesabu itabadilika. Sheria za nchi zenyewe zinaharakisha: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo mnunuzi wa Mombasa atakutana na vizazi hivi vipya mapema kuliko wa Uganda, ambako kikomo ni miaka kumi na mitano.

Hesabu ya mwalimu

Mwalimu amefikia uamuzi, na anautoa bila kuzunguka. Fit anaiweka kando kwa sababu hataki kufuatilia rekodi za wito. Note imemvutia, lakini safari za Iringa zinampeleka kwenye Aqua, pia kwa sababu injini yake ina ndugu kila gereji. Navigesheni ya Kijapani ameipa thamani ya sifuri: gari lenye navigesheni kubwa na gari lenye redio ya kawaida, kama hali ya betri na bodi ni sawa, atachukua la bei ya chini.

Dereva bado anasema IST. Wanabishana kidogo kuhusu bei ya betri, hakuna anayemshawishi mwenzake.

Kuhusu skrini, fundi na dereva hawakubaliani hata sasa. Dereva anataka ing'olewe gari likitoka tu bandarini. Fundi anashauri ibaki kwanza, kwa sababu mara nyingi kamera ya nyuma imeunganishwa humo, na kuihamishia kwenye redio ya Android kunataka kiunganishi chake, la sivyo unarudi nyuma kwa kubahatisha. Anamwambia mwalimu aombe picha tatu kutoka kwa muuzaji kabla ya kutuma pesa: dashibodi ikiwa na taa ya READY bila taa nyingine ya onyo, tundu la feni kando ya kiti cha nyuma, na sehemu ya kadi ya ramani kwenye navigesheni.

"Kadi ya ramani ya Japani?" dereva anashangaa. "Si tumekubaliana haina kazi?"

"Kwenye baadhi ya hizi, betri ndogo ya volti 12 ikichomolewa, skrini inajifunga na kuidai kadi yake ileile," fundi anamjibu. "Kadi ikiwa imebaki Japani, ndiyo basi: redio hakuna, na kamera inaweza kwenda nayo. Mwalimu hataitazama Tokyo hata siku moja, lakini kadi aidai."

Mpima anaongeza jambo la nne, nalo ni swali: kama ramani ya gari hilo inaweza kubadilishwa iwe ya Tanzania. Fundi anamwambia kwa Aqua ya miaka ile jibu ni hapana, asipoteze muda. Mpima anashikilia liulizwe hivyohivyo, na liulizwe na kila mnunuzi, ili wauzaji wazoee kulisikia kabla Niro na wenzake hawajaanza kushuka bandarini. Mwalimu analiandika, chini kabisa ya yale mengine matatu, na kutuma.